KIINGEREZA CHA KARANI NI CHA NANI?



Hakuna neno lisikikalo zaidi siku hizi, ofisini, sokoni na barazani, kuliko hili la kujifunza Kiingereza. Vijana wetu hapa Sindeni waiga misemo ya Wamarekani waisikiayo katika simu na katika vibanda vya video. Wazazi wauza mbuzi na mahindi ili watoto wao wasome katika shule zifundishazo kwa lugha hiyo. Nasi makarani, tuliofundishwa sarufi katika shule za misheni, twaulizwa kila siku: Je, kitabu gani chafaa? Njia ipi ni fupi? Jambo hili ni jema, wala hatutaki kumvunja mtu moyo. Lakini kabla ya kutafuta kitabu yatupasa tuulize swali lingine. Kiingereza hiki, tukisha kukipata, kitakuwa cha nani? Kitakuwa pambo la karani, au kitakuwa chombo cha watu wale wamleteao barua wasizoweza kuzisoma?

Maoni yetu ni kwamba Kiingereza cha karani si mali yake peke yake. Ni amana. Na kwa kuwa ni amana, sharti kijifunzwe kwa usahihi, sarufi na misemo pamoja na desturi za wenyewe. Kwani neno likipotea njiani baina ya lugha mbili, apatwaye na hasara si karani, bali ni yule aliyemwamini.

Wako wadhanio kwamba mambo ya Marekani yamefika kwetu jana tu, kwa simu na sinema. Sivyo. Seyyid Said alifanya mkataba na Serikali ya Marekani mwaka 1833, na mwakilishi wao alikaa Unguja tangu mwaka 1837, kabla ya mwenzake wa Uingereza aliyefika mwaka 1841. Merikebu za mji wa Salem zilileta nguo za pamba zilizofumwa Massachusetts, na wazee wetu wakaziita “amerikani”, jina ambalo hata leo hutajwa. Kadhalika mkonge. Mwaka 1893 Dr. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai pwani yetu ya Tanga ilikuwa 62 tu, na kutoka hiyo 62 yakatokea mashamba makubwa ambayo watu wa Korogwe wamefanyia kazi vizazi vingi. Basi babu zetu walivaa kitu cha Marekani, wakakata kitu cha Marekani, miaka mingi kabla hatujajua kusema lugha ya huko.

Lakini liko jambo lituhusulo zaidi kuliko nguo na mkonge, nalo ni watu. Katika karne ya 19, Wazigua wengi, pamoja na watu wa makabila mengine ya nchi zetu, waliuzwa na kupelekwa kwa majahazi mpaka Somalia, wakalimishwa mashamba ya wengine. Baadhi yao walitoroka, wakajenga vijiji katika misitu ya mto Juba, na Kizigua wakakihifadhi mpaka kwa wajukuu na vitukuu. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 vikawatawanya. Wengine walirudi huku kwa babu zao: mwaka 2003 walipewa makao Chogo, katika wilaya yetu ya Handeni, na kufikia mwaka 2014 watu zaidi ya 1,500 walikwisha kupewa uraia wa Tanzania. Wengine walikaa miaka mingi katika kambi za Dadaab nchini Kenya. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea Wabantu wa Somalia wapatao 12,000, na Wazigua wakiwa miongoni mwao. Mwaka 2002 walihamishiwa kambi ya Kakuma, na tangu mwaka 2003 wakaanza kusafirishwa, kikundi kwa kikundi, mpaka miji ya Marekani.

Tuwatazame ndugu hao, maana katika habari yao mna somo kwetu. Wengi wao hawakupata kwenda shule kule Somalia, elimu walinyimwa. Kabla ya safari walifundishwa Kakuma mambo ya nchi waiendeayo: jinsi ya kuwasha jiko na taa, kutumia choo cha maji, kupanda ngazi za nyumba, kukaa ndani ya ndege. Na pamoja na hayo walianzishiwa Kiingereza. Angalieni vizuri, wenzetu: hawakupewa maneno mbali na maisha. Neno la jiko lilikwenda pamoja na jiko lenyewe. Sisi huku twafanya kinyume. Twakariri orodha ya vitenzi na nyakati zake mpaka usiku wa manane, lakini hatujui Mwingereza au Mmarekani akitumia kitenzi kile barabarani ana maana gani.

Walipofika, jambo lingine likatokea, litokealo kwa wageni wengi wa nchi ile. Watoto walikamata lugha upesi shuleni, wazazi wakabaki nyuma. Basi mtoto akawa mkalimani wa baba yake kwa daktari, kwa mwenye nyumba na kwa mwalimu. Fikirini uzito wa kazi hiyo. Mtoto akikosea neno moja, mama amekunywa dawa mara nne badala ya mara moja. Na huyo mama hana njia ya kujua kama mwanawe amekosea, kwa sababu lugha ni ufunguo, na ufunguo u mkononi mwa mtoto.

Sasa na turudi Sindeni. Hapa hakuna aliyepanda ndege, lakini mzee wa kijijini aletapo karatasi ya Kiingereza mezani kwetu, hali yake ni ile ile ya mama yule. Ufunguo u mkononi mwetu. Hana awezaye kumwuliza kama tumesoma sawasawa. Hiyo ndiyo sababu tunasema kwamba sarufi si mchezo wa mtihani.

Tuseme mjane fulani amechukua mkopo, naye ameandikiwa kwamba muda wa kulipa “may be extended”. Karani mwepesi amwambia: “Mama, muda utaongezwa.” Mjane arudi nyumbani kwa furaha. Lakini neno “may” halikutoa ahadi. Lasema tu kwamba muda waweza kuongezwa, mkopeshaji akipenda. Siku ikifika, anayebisha hodi ni dalali. Kinyume chake ni neno “shall” katika sheria na mikataba. Wengi wetu tulifundishwa kwamba ni alama ya wakati ujao, nasi twatafsiri “atalipa”, kana kwamba ni utabiri. Maana yake pale ni sharti alipe. Na neno “unless” wengine hulisoma kama “kama”, hali ni “isipokuwa kama”, na hivyo sentensi nzima hugeuka miguu juu, kichwa chini.

Yuko mtego mwingine uliofichika ndani ya Kiswahili chetu wenyewe. Mtu akiulizwa, “Hukumwona?”, naye hakumwona, hujibu, “Ndiyo,” yaani, ndiyo kama usemavyo, sikumwona. Mwingereza hujibu “No”. Basi shahidi akiulizwa kwa Kiingereza akajibu kwa desturi ya kwao, “Yes”, huandikwa kwamba alimwona! Miaka mingi katika mahakama zetu za wilaya ushahidi ulisemwa kwa Kiswahili ukaandikwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na jambo hilo twalishukuru. Lakini mtego wenyewe bado uko hai kila mahali mgeni aulizapo na karani afasiripo.

Kadhalika saa. “Saa nne” yetu ni “ten o’clock” yao, na anayeandika “four” amemkosesha mtu mkutano au basi. Kadhalika “yeye”, lisilobagua mwanamume na mwanamke, hata karani akaandika “he” juu ya mama, na msomaji wa mbali akadhani ni watu wawili. Kadhalika “baba mdogo”: ukiandika “father” katika karatasi za mirathi, umemwongezea marehemu mtoto asiyemzaa. Mambo haya ni madogo kwa macho, lakini ndiyo yavunjayo haki za watu.

Na tuje kwenye misemo ya kila siku. Hapa sarufi peke yake haitoshi, maana sentensi yaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikampoteza msikiaji. Mtu akijikwaa mbele yetu, twamwambia “pole”, nasi hatukumsukuma. Tukilifasiri “sorry”, Mmarekani hushangaa na kusema kwamba kosa si letu, kwani kwake neno hilo mara nyingi ni la mwenye kuomba radhi. Sasa tuseme magari mawili yamegongana, nawe usiye na hatia washuka kumpa mwenzio pole kwa neno hilo: aweza kudhani kwamba umekiri. Tena twatoka chumbani tukisema “I am coming”, maana twafasiri “nakuja”. Mgeni aona mtu aendaye huku asema anakuja. Twamwambia rafiki tusiyemwona siku nyingi, “You are lost”, kwa maana ya “umepotea”, naye adhani twamwonyesha njia.

Na salamu je? Kwetu salamu ni kazi. Utauliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mvua, kila moja na jibu lake. Mmarekani akupitaye husema “How are you?” na miguu yake haisimami. Asiyejua desturi hiyo huona amedharauliwa. Hakudharauliwa, ile ni salamu ya kupita tu. Na Mmarekani akija ofisini kwetu akaanza haja yake bila salamu, tusimhesabu kuwa hana adabu, bali tumfundishe taratibu ya kwetu. Kujua desturi za watu hakuna maana ya kuzivaa. Ni kupata kuwaelewa.

Tena wajue wenzetu kwamba Kiingereza si kimoja. Noah Webster alitoa kamusi yake kubwa mwaka 1828, na tangu hapo Wamarekani wameshika tahajia yao: “color”, “center”. Lakini tahajia ni jambo dogo. Neno “corn” kwa Mmarekani ni mahindi. Katika Biblia ya Kiingereza cha kale ni nafaka, hasa ngano. Maana Yusufu hakuweka mahindi ghalani Misri, mahindi yakiwa yametoka Amerika baada ya mwaka 1492. Watu wa Handeni walao ugali kila siku hawana budi kujua tofauti hiyo! Neno “table” katika mkutano ni ajabu zaidi: Mwingereza akisema hoja iwe “tabled”, ataka ijadiliwe, Mmarekani akisema hivyo hivyo, ataka iahirishwe. Winston Churchill ameandika katika historia yake ya Vita Kuu ya Pili kwamba wakuu wa pande mbili walibishana kwa muda mrefu juu ya neno hilo, kumbe wote walitaka jambo moja. Na Mmarekani akikuomba “a ballpark figure”, usitafute kiwanja cha mpira. Ataka hesabu ya kukisia tu.

Angalieni pia tarehe. Mmarekani hutanguliza mwezi. Sabasaba na Nanenane hazina matata, kwani ukizigeuza ni zile zile. Lakini sikukuu yetu ya Uhuru tukiiandika 9/12, yeye husoma Septemba 12. Basi mwombaji wa kazi au wa masomo akiandika siku yake ya kuzaliwa kwa tarakimu tupu, huenda cheti kikasema hili na fomu ikasema lile, akahesabiwa mwongo. Dawa yake ni rahisi: andika jina la mwezi kwa herufi.

Twajua kwamba wako watakaotujibu: “Mbona mwahangaika? Kiswahili chatosha.” Twakiheshimu Kiswahili kuliko wao. Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi tulifurahi. Lakini tusijidanganye. Tume ya Makweta ilishauri mwaka 1982 kwamba sekondari zifundishe kwa Kiswahili. Ushauri huo haukufuatwa, na mpaka leo mtoto atokaye darasa la saba katika shule ya kijiji hukutana na hesabu na elimu ya viumbe kwa Kiingereza. Mwaka 1984 Criper na Dodd waliandika taarifa iliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kuyafahamu masomo hayo. Maadamu mlango una kufuli ya Kiingereza, anayesema ufunguo hauna kazi hawatendei haki watoto walio nje.

Wako na wengine, wa upande wa pili, waonao kwamba kusema Kiingereza ndio ustaarabu wenyewe. Hao humjibu mzee kwa Kiingereza hali wajua haelewi, na kijana husema “gonna” na “wanna” kama alivyosikia katika sinema, asijue kuandika sentensi moja ya kuomba ruhusa. Huyo amevaa amerikani bila kushona. Tena twamwambia kwa wema kwamba maneno hayo ni ya kinywani. Mmarekani mwenyewe akiandika barua ya kazi huandika “going to” na “want to”.

Mfano wetu uwe nani? Twamtaja Bwana Martin Kayamba, karani aliyekuwa mmoja wa walioanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali mjini Tanga mwaka 1922. Alisoma Kiungani, shule ya misheni, na Kiingereza alikijua barabara. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Chifu Makwaia wa Shinyanga na Bwana Francis Lwamugira wa Bukoba kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya kuunganisha nchi za Afrika Mashariki. Na aliporudi alifanyaje? Aliandika kitabu cha safari hiyo kwa Kiswahili, “Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza”, kilichochapwa mwaka 1932, ili watu wasiojua Kiingereza nao wapate kuona aliyoyaona. Huo ndio Kiingereza cha amana: kilikwenda, kikaona, kikarudi na mzigo kwa wenyewe.

Wala tusione haya kuanza na mambo ya chini. Askofu Edward Steere, msomi wa Kiingereza, alikaa kitako akajifunza ngeli zetu kama mtoto, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja. Ikiwa yeye hakuona haya kuuliza kwa nini twasema “kiti kimevunjika” na “meza imevunjika”, kwa nini sisi tuone haya kuuliza lini husemwa “a” na lini husemwa “the”?

Basi twatoa mashauri matatu kwa chama chetu.

Kwanza, kila juma makarani wa kata moja wakutane saa moja. Wachukue barua moja ya Kiingereza, majina ya watu yakiwa yameondolewa, waifasiri kwa Kiswahili. Kisha waifiche ile ya asili, wairudishe katika Kiingereza, ndipo wailinganishe. Mahali zitakapotofautiana, hapo ndipo somo lilipo. Njia hii haina gharama, nayo hufundisha sarufi kuliko kukariri.

Pili, karani afasiripo karatasi yenye deni, shamba, mirathi au dawa, asitegemee kinywa tu. Aandike maana yake kwa Kiswahili chepesi, aisome mbele ya mwenye karatasi, ampe aende nayo. Na neno asilolijua aseme wazi kwamba halijui, akaulize. Heshima ya karani haipungui kwa kuuliza. Hupungua mjane anapofilisiwa.

Tatu, katika gazeti letu hili uwekwe ukurasa wa misemo: msemo wa Kiingereza, maana yake kwa Waingereza, maana yake kwa Wamarekani ikiwa ni tofauti, na namna tusemavyo sisi. Twaomba walio na ndugu nchi za ng’ambo watuletee waliyojifunza huko kwa maisha, yasiyopatikana katika vitabu.

Wanachama walio tayari kuanzisha mkutano wa kila juma, hapa Sindeni, au Korogwe, au Handeni mjini, wampelekee katibu majina yao kabla ya mkutano ujao. Sisi tumekwisha kupeleka yetu.

Ni sisi wenzenu,
KARANI WA SINDENI